Acheni Kulaumu Stima, Seva Yenu Ilikuwa Mbovu Kabla ya Giza

Haya wasomaji wangu, leo sikuja na somo la kuandika programu. Leo nimekuja na ugomvi. Na ugomvi wenyewe ni na watu wa kazi yangu, sisi tunaoitwa "watu wa kompyuta", hasa wale wanaotembea na picha moja kwenye simu: skrini nyeusi, maandishi meupe, na mstari mmoja unaoonyesha kwamba seva yao imewaka siku 600 bila kuzimwa hata mara moja. Wanakuonyesha picha hiyo kama mzazi anavyoonyesha cheti cha mwanawe.

Mimi siwapi hongera. Nawauliza swali moja tu. Mara ya mwisho ulipoizima mwenyewe kwa hiari yako, kisha ikawaka na kila kitu kikarudi bila ya wewe kushika kibodi, ilikuwa lini? Hapo mtu huanza kutazama saa.

Basi hoja yangu niiseme mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma yote aende zake na kitu mkononi: seva usiyoweza kuizima siku uliyojiandaa, itazimika siku ambayo hukujiandaa. Na ikikataa kuwaka siku hiyo, usiitaje stima. Seva ilikuwa mbovu tangu zamani, ila ilikuwa haijapata nafasi ya kukuonyesha.

Stima itapotea, hilo halina mjadala

Sisi tunaoishi huku ng'ambo ya feri, Bofu, Mtongwe, Shika Adabu, hatuhitaji kuhadithiwa. Stima hupotea mvua ikinyesha, hupotea jua likiwaka, hupotea transfoma ikilia, na hupotea kwa sababu tokeni zimekwisha na anayetakiwa kununua simu yake haina chaji.

Lakini tusijionee huruma, maana si Likoni peke yake. Tarehe 7 Juni 2016 nchi iliingia gizani kwa sababu ya tumbili mmoja aliyepanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru akaangukia transfoma. KenGen wenyewe ndio waliotangaza, na tumbili alitoka mzima! Tarehe 25 Agosti 2023, Ijumaa usiku, giza likaja tena nchi nzima, na sehemu nyingine zikakaa bila stima mpaka Jumamosi. Likarudi tarehe 11 Novemba, likarudi tarehe 10 Desemba, mwaka huo huo. Mwaka 2024 likaja tarehe 2 Mei, na tarehe 6 Septemba sehemu kubwa ya nchi ikazimika tena. Hayo ni yale makubwa ya kuandikwa magazetini. Yale ya mtaani kwako unayahesabu mwenyewe.

Kusi huja kila mwaka, na hakuna nahodha anayeshangaa kusi ikivuma. Anayejua hayo yote kisha akaweka seva ya biashara bila ya kuijaribu kuizima na kuiwasha, huyo ndiye wa kushangaza.

Na usiku ule wa Agosti 2023, jambo lililowaudhi watu zaidi halikuwa giza lenyewe. Lilikuwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Abiria walikaa gizani kwa sababu jenereta ya sehemu ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani. Jenereta ilikuwepo! Kitu kimoja tu ndicho kilichotakiwa kutoka kwake, kuwaka, na hicho ndicho kilichokosekana. Seva yako ya siku 600 ni jenereta ile ile. Unajua iko. Hujui kama itawaka.

Kijana wa stoo na mizigo iliyopotea

Kuna watu watasema huu ni ubishi wa mafundi tu, mteja wa kawaida haumhusu. Haya, sikilizeni hili.

Duka moja la jumla, ambalo sitalitaja, lilikuwa na seva chini ya meza ya mhasibu. Fundi aliyeifunga aliongeza diski ya pili ya kuwekea databesi, akaiunganisha kwa mkono, na programu ya mauzo akaianzisha kwa mkono pia. Kazi ikaenda vizuri zaidi ya mwaka. Siku moja stima ikapotea asubuhi, UPS ikashikilia dakika chache, ikafa. Stima iliporudi, seva ikawaka, lakini kaunta zote zikakataa. Fundi hapatikani kwa simu. Mhasibu akaibofya bofya mpaka programu ikafunguka, watu wakaendelea kuuza.

Kilichotokea ni hiki. Diski ya pili haikuunganishwa, kwa sababu hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba iunganishwe. Programu ilipofika kwenye folda yake ikakuta tupu, basi ikajitengenezea databesi mpya, safi, isiyo na kitu. Wakauza siku mbili ndani ya databesi hiyo, pamoja na mizigo waliyochukua wenye vioski kwa mkopo. Siku ya tatu fundi akatokea, akaunganisha diski yake juu ya folda ile ile, data za zamani zikarudi, akapewa pesa yake na ahsante. Lakini mauzo ya zile siku mbili yakafunikwa chini, hayaonekani tena.

Mwisho wa mwezi wakahesabu stoo. Mizigo haipo, na kumbukumbu ya kuuzwa haipo. Nani mwizi? Kijana wa stoo, bila shaka. Akaanza kukatwa mshahara.

Nilipoitwa kwa shughuli nyingine kabisa nikahadithiwa kisa hicho, nikaomba ruhusa ya kuitenganisha ile diski. Mauzo yote ya siku mbili yalikuwa pale pale chini, hayajaguswa. Kijana alirudishiwa pesa zake. Hakuombwa radhi.

Sasa niambieni, stima ndiyo iliyomfanya mwizi yule kijana? Kama fundi angeizima seva ile na kuiwasha mara moja tu, siku ile ile aliyoongeza diski, angeyaona yote kwa dakika tano. Lakini kuzima anaogopa. Na anayeogopa kuzima seva yake anajua moyoni kwamba kuna kitu hakikukaa sawa.

Kwa nini seva huamka mgonjwa

Seva inayofanya kazi ina maisha mawili. Kuna yaliyoandikwa kwenye diski, na kuna yaliyo kwenye memori tu. Kila unapoingia saa nane za usiku ukarekebisha jambo kwa mkono, likakubali, ukalala, umebadilisha ya memori. Ya diski yamebaki vile vile. Baada ya siku 600 hayo mawili yameshaachana kabisa, na wewe huna habari, kwa sababu unaloliona kila siku ni la memori. Stima ikipotea, la memori hufa. Inayoamka ni seva ya siku 600 zilizopita, na wewe unashangaa mbona haikutambui.

Nitaje makosa ninayokutana nayo kila mara, na kila moja ujiulize kama ni lako:

1. Huduma iliyoanzishwa kwa mkono. Inafanya kazi leo, lakini hakuna aliyeiambia mashine iianzishe ikiwaka. Amri ya `systemctl is-enabled` ikifuatiwa na jina la huduma itakujibu mara moja.

2. Mstari mbovu kwenye `/etc/fstab`. Umeandika diski ambayo uliitoa miezi iliyopita, na hukuweka neno `nofail`. Seva ikiwaka itaisubiri diski hiyo dakika moja na nusu, kisha itasimama kwenye hali ya dharura ikiomba paswadi, kwenye mashine isiyo na skrini wala kibodi. Wewe uko mjini, seva iko ng'ambo, na feri ina foleni. Na tafadhali tumia UUID, maana diski inayoitwa `sdb` leo kesho inaweza kuamka ikiitwa `sdc`.

3. Programu kuwaka kabla ya databesi. Unapoandika `After=` unapanga zamu ya kuanza tu, haina maana kwamba databesi iko tayari kupokea maombi. Programu yenyewe ifundishwe kujaribu tena, na huduma iwekewe `Restart=on-failure`.

4. Sheria za fayawoli na njia za mtandao zilizowekwa kwa amri bila kuhifadhiwa. Seva inawaka vizuri kabisa, ila hakuna anayeifikia. Au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: kila mtu duniani anaifikia.

5. Keneli mpya iliyowekwa miezi sita iliyopita na haijawahi kutumika. Kwenye Ubuntu faili la `/var/run/reboot-required` linakukumbusha kila siku, na kila siku unalipita. Siku stima inaporudi ndipo keneli hiyo inapoanza kazi kwa mara ya kwanza, na kama haipatani na draiva ya diski zako, umepata matatizo mawili kwa wakati mmoja na hujui lipi ni lipi.

6. Betri ndogo ya duara, CR2032, iliyokufa. Seva ikizimika saa inasahau tarehe. Vyeti vya usalama vinakataliwa kwa sababu kwa saa hiyo bado havijaanza kutumika, na risiti zinatoka na tarehe ya miaka iliyopita. Betri yenyewe ni bei ya soda chache.

7. BIOS iliyoachwa na mpangilio wa kiwandani: stima ikirudi, mashine ibaki imezimika. Au kuna flashi iliyosahauliwa nyuma ya seva, nayo ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya kuwakia.

Angalieni orodha hiyo vizuri. Hakuna hata kosa moja lililoletwa na giza. Yote yalikuwepo stima ikiwa inawaka, yanasubiri.

Kuzima nako kuna adabu zake

Upande wa pili ni seva inayokataa kuzimika. Umetoa amri, skrini inasema inasubiri huduma fulani isimame, sekunde zinahesabiwa, wewe roho inapanda, unabonyeza kitufe cha umeme ukakishikilia mpaka kufe kila kitu. Umemaliza kazi? Hujamaliza. Umemkata mtu kauli katikati ya sentensi.

Unapoamuru kuzima, Linux hupelekea kila huduma ujumbe wa SIGTERM, ambao maana yake ni "maliza ulilonalo, funga vitabu". Huduma ikichelewa, systemd huisubiri, kwa kawaida sekunde 90, kisha huiua kwa SIGKILL. Zile sekunde ndizo databesi inazotumia kuteremsha kwenye diski yale yaliyokuwa kwenye memori. Basi subiri! Na kama huduma moja inakwama kila mara, hiyo ni habari njema, kwa sababu sasa unajua ni ipi. Mara nyingi ni programu iliyoandikwa na mmoja wetu asiyejua kwamba SIGTERM ipo, au ni folda ya mtandaoni ambayo seva nyingine imeshaondoka nayo. Rekebisha hiyo. Kukata muda wa kusubiri bila kujua kwa nini inachelewa ni kuvunja kipimajoto ili homa ishuke.

Na wale wenye kusema "databesi yangu ina jono la kujiokoa", ni kweli, InnoDB na PostgreSQL zimeundwa kunusurika umeme ukikatika. Lakini kuna waliobadilisha `innodb_flush_log_at_trx_commit` kutoka 1 hadi 2 ili mambo yaende haraka, na hawakusoma kwamba kwa kufanya hivyo umeme ukikatika wanaweza kupoteza mauzo ya takriban sekunde ya mwisho. Na bado wako wenye majedwali ya MyISAM, ambayo hayana kinga hiyo kabisa.

Tena kuna hii ya UPS. Nenda maofisi mengi utakuta UPS nzuri, na ile waya yake ya USB bado iko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya boksi. UPS isiyozungumza na seva inachofanya ni kuahirisha kifo kwa dakika kumi. Funga waya, weka NUT au apcupsd, uiambie seva ijizime yenyewe kwa adabu betri ikibaki kidogo. Programu hizo ni za bure. Na betri zenyewe zipime, maana hizi za risasi na asidi huzeeka haraka kwenye joto: kanuni inayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 umri wake hupungua kwa nusu hivi. Chumba kisicho na kipoza hewa Mombasa mwezi wa Machi mnakijua wenyewe.

Na wewe wa zima-washa, usicheke

Najua kuna msomaji amefika hapa akitabasamu, kwa sababu yeye haogopi kuzima. Yeye kila tatizo dawa yake ni moja: zima, washa. Mtandao uko pole pole, zima, washa. Kaunta imekwama, zima, washa. Huyu naye nina maneno naye.

Kuzima seva kwa sababu imegonjeka, kabla ya kuitazama, ni kuosha sakafu kabla ya polisi kufika. Memori iliyojaa, programu iliyokula kichakataji, diski iliyoanza kutoa makosa, ushahidi wote unaondoka. Seva inawaka, kila mtu anakupigia makofi, na Jumanne ijayo unaitwa tena. Sitasema kwamba kuna mafundi wanaoishi kwa hiyo Jumanne ijayo. Mmeshawataja wenyewe vichwani mwenu.

Kabla ya kuzima, dakika tano tu: nani anakula memori, diski imejaa kiasi gani, logi zinasema nini. Na ikiwa imeshazimika yenyewe, usikisie. Uliza:

`last -x`
`journalctl --list-boots`
`journalctl -b -1 -e`

Hiyo ya mwisho inakuonyesha maneno ya mwisho ya seva kabla haijafa. Ukiona huduma zimesimamishwa moja moja kwa utaratibu, kuna mtu au programu iliyoamuru. Ukiona logi imekatika ghafla, kama mazungumzo ya simu iliyoisha chaji, basi ni umeme, au joto, au mashine yenyewe. Hakikisha tu kwamba logi zako zinahifadhiwa kwenye diski, `Storage=persistent`, la sivyo zinakufa pamoja na mwenyewe.

Walioko kwenye Windows nao hawana udhuru. Tukio namba 1074 linakutajia nani au programu gani iliyoomba kuzima. Namba 6006 ni kuzima kwa amani. Namba 6008 ni kuzima kusikotarajiwa, na namba 41 ya Kernel-Power ni mashine kuwaka bila ya kuwa ilizimwa vizuri. Namba nne tu! Wapo waliolaumu stima mwaka mzima, na 1074 ilikuwa inawaambia kila wiki kwamba ni masasisho ya Windows yenyewe. Na wapo ambao stima yao haikupotea hata kidogo: mama wa usafi alichomoa plagi ili achaji simu. Wala si kosa lake. Nani aliweka seva ya kampuni kwenye ekstensheni isiyo na alama?

Majibu ya wapinzani

"Sisi tuna UPS na jenereta." Sawa. Tarehe 27 Mei 2017 British Airways nao walikuwa navyo. Umeme wa kituo chao cha data ulikatwa, kisha ukarudishwa bila utaratibu, na wakuu wao walieleza kwamba huko kurudi ndiko kulikoharibu mashine. Abiria wapatao 75,000 walikwama. Umeme kuondoka ni shida, na kurudi nako ni shida nyingine inayojitegemea. Kama hamna mpangilio wa kipi kiwake kwanza, swichi, diski za mtandao, databesi, kisha programu, mnacheza bahati nasibu.

"Sisi tumehamia klaudi." Klaudi ni kompyuta ya mtu mwingine, nayo huwashwa upya, mara nyingine kwa taarifa ya siku chache tu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike liliangusha mashine za Windows milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Zilikuwa zinawaka, zinaanguka, zinawaka tena. Nyingi ilibidi mtu azifuate moja moja kwa mkono, na waliokuwa wamehifadhi funguo za BitLocker ndani ya seva zilizoanguka, walijua hawajui. Je, wewe paswadi za kuiwashia seva yako umeziweka wapi? Usiniambie ziko ndani ya seva hiyo hiyo.

"Kukaa siku nyingi bila kuzimwa ndiyo alama ya ubora." Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliamuru ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme wote kila baada ya muda, baada ya kugunduliwa kwamba zikiwashwa siku 248 mfululizo, kihesabu ndani ya programu ya jenereta kinajaa na jenereta zote zinaweza kuzimika pamoja, hata ndege ikiwa angani. Boeing 787 inazimwa. Wewe na seva yako ya duka mna nini?

"Keneli siku hizi inasasishwa bila kuzima." Ni kweli, teknolojia hiyo ipo, na ni nzuri. Inaziba matundu ya usalama. Haikuthibitishii kwamba fstab yako ni sahihi.

"Bosi hataki kazi isimame." Hili ndilo jibu la haki kuliko yote, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Bosi hataki kazi isimame kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba itasimama tu. Mpe chaguo la kweli: isimame dakika 20 Jumapili usiku, wewe uko pale, bakapu imechukuliwa na imejaribiwa, au isimame siku mbili mwisho wa mwezi, wewe uko matangani Kilifi na simu haishiki. Sijaona mwenye duka ambaye akiulizwa hivyo anachagua la pili.

Wanaofaidika na woga huu

Nimalize na jambo ambalo najua litaniletea maneno. Woga wa kuzima seva unawafaidi baadhi yetu. Seva inayoweza kuwashwa na mtu mmoja tu duniani ni mateka, na huyo mtu mmoja ndiye aliyeshika kamba. Hajaandika popote hatua za kuwasha. Paswadi ziko kichwani mwake. Ukimwuliza anasema "ni mambo magumu kidogo". Hakuna ugumu wowote! Ni amri sita alizozoea kuziandika kwa mkono, ambazo angeziandika kwenye faili la huduma mara moja asingeitwa tena.

Tulisoma chuoni miaka minne ili mashine zifanye kazi bila sisi. Fundi anayehitajika kila stima ikirudi hajaifunga seva, ameianza tu.

Kwa hiyo natoa rai, na haina gharama. Kila mwezi mara moja, siku inayojulikana na wote, chukua bakapu, zima seva kwa utaratibu, iwashe, kisha UKAE MIKONO NYUMA. Usiguse kitu. Ita mtu wa kaunta auze kibiriti kimoja. Akiweza kuuza, seva ni nzima. Asipoweza, `systemctl --failed` ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia, na utarekebisha kwenye diski, si kwenye memori. Kisha zima tena, washa tena, mpaka kibiriti kiuzwe. Na hatua zote ziandikwe kwenye karatasi, ibandikwe ukutani, aweze kuzifuata hata yule kijana wa stoo.

Wavuvi wetu wa hapa Mtongwe hawaachi chombo majini mpaka kizame ndipo wajue kina ufa. Hukipandisha pwani wenyewe, kikiwa bado kizima, wakakitia kalafati, wakakirudisha. Hakuna anayewaambia kwamba chombo kisichopandishwa ndicho bora.

Basi wewe wa siku 600, Jumapili hii ni siku yako. Ikiwaka, niandikie hapo chini unicheke. Isipowaka pia niandikie, tutasaidiana, na angalau utakuwa umejua Jumapili usiku badala ya Jumatatu saa nne asubuhi na foleni ya wateja mlangoni.